Mmoja Juu, Kulia kwa Tangi

Skwadi nzuri utaisikia kabla hujaiona. Ukipita Manundu jioni, pale Korogwe ambako abiria wa mabasi ya Arusha na Moshi hushuka kula upesiupesi, au ukikatiza mitaa ya Chanika, Handeni mjini, unaweza kukuta vijana wanne wamebanana kwenye benchi moja, simu zimelazwa kwa ubapa, macho hayainuki hata kwa honi ya basi. Zisikilize sauti zao. Timu mbovu hupiga kelele: "Wako huku! Huku! Si nimekwambia huku!" Timu nzuri huongea kwa utulivu wa watu wanaopimiana mchele: "Mmoja juu, kulia kwa tangi. Vesti yake imekwisha. Anakuja kwako." Kimya. Milio miwili. "Tayari."

Maneno hayo machache ndiyo ninayotaka kuyasifu. Katika michezo ya timu ya kurushiana risasi, watu wa nje hulipa sifa jicho kali na kidole chepesi, na hata wachezaji wachanga huamini hivyo. Hukesha peke yao wakijifunza kupiga kichwa. Kulenga ni kazi ya heshima. Lakini nimecheza na walengaji wakali waliokuwa mzigo kwa wenzao, kwa sababu wakiona jambo hulibakiza machoni mwao, na nimecheza na watu wa shabaha ya kawaida kabisa ambao kila timu iliwagombania. Hawa wa pili wana ufundi wa kumwazima mwenzao macho. Nimekuja kuamini kwamba ufundi huohuo ndio unaojenga jamii ya wachezaji katika miji midogo kama yetu, ambako hakuna kampuni inayokuja kutujengea.

Mchezo ninaouzungumzia zaidi ni Free Fire, wa kampuni ya Garena ya Singapore, uliotoka mwaka 2017. Watu 50 hupakiwa kwenye ndege juu ya kisiwa, kila mmoja hushuka kwa mwavuli mikono mitupu, huokota silaha atakazozikuta, na eneo salama huzidi kusinyaa hadi ibaki timu moja. Raundi moja haimalizi robo saa. Kwenye skwadi mko wanne. PUBG Mobile, wa mwaka 2018, una watu 100 na ardhi kubwa zaidi. Call of Duty Mobile, wa mwaka 2019, una mapambano ya watano kwa watano. Yote mitatu hupakuliwa bure, na kampuni hupata pesa yake kwenye mavazi na mapambo. Free Fire, hata hivyo, ulitengenezwa uwe mwepesi, uweze kwenda kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, na kwa Handeni hilo ndilo linaloamua. Simu nyingi mikononi mwetu ni Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, tena mara nyingi ni zile za bei ya chini. Mchezo unaodai simu ya milioni unabaki kuwa simulizi ya mtu aliyerudi kutoka Dar es Salaam.

Hapa historia yetu inaachana na ya wenzetu. Counter-Strike, mchezo uliofundisha dunia mapambano ya watano kwa watano, ulianza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walioutengeneza juu ya mgongo wa mchezo mwingine, Half-Life. Ulikulia kwenye vyumba vya kompyuta za kukodi huko Ulaya, Asia na Brazili, ambako timu ilikaa safu moja na kusikiana bila mtambo wowote. Vyumba hivyo vilitupita. Sisi tulikuwa na banda la gemu: televisheni, PlayStation, mpira, wawili wanacheza na kumi wanasubiri zamu huku wakikosoa. Banda lilitufundisha ushindani na ubishi. Timu halikuifundisha, maana mpira ule mtu mmoja huwaongoza wachezaji wote kumi na mmoja, na hahitaji kumwambia yeyote anachokiona. Timu ilikuja na simu. Na vijana, badala ya kila mmoja kujifungia na simu yake, wakaenda nayo kwenye benchi.

Taarifa nzuri ina mpangilio wake, na anayeanza sharti aufanyie mazoezi kama anavyofanyia shabaha. Kwanza idadi: mmoja, wawili, skwadi nzima. Kisha mahali. Kisha hali: ameumia, hana vesti, anajaza risasi, anamwinua mwenzake. Mwisho, kama pumzi inatosha, unataja nia yako: nasubiri, nazunguka, naondoka. Idadi hutangulia kwa sababu ndiyo inayomwamulia mwenzako aje au asije. Mahali ndipo penye kazi. Juu ya kioo kuna dira yenye nyuzi 360, na dira haina upendeleo: 240 yangu na 240 yako zinatazama upande mmoja. Lakini mia mbili na arobaini ni maneno mengi kwa mtu anayefyatuliwa risasi, kwa hiyo timu hukata, mbili-nne, basi. Tena dira inafaa mkiwa pamoja tu. Mkishatawanyika, mwelekeo wangu haukusaidii chochote. Unahitaji jina la mahali.

Bermuda, kisiwa cha zamani kuliko vingine kwenye Free Fire, kina majina ya Kiingereza yaliyoandikwa juu ya ramani. Ramani, hata hivyo, haitaji kila kona, kila ukuta na kila mteremko, na watu huuana kwenye kona zisizo na jina. Kwa hiyo timu yetu ilizipa majina ya nyumbani. Njia panda moja ikawa Segera, maana kila mtu hupita pale na huwezi kujua anaelekea wapi. Penye daraja pakawa Hale. Mwinuko unaotazama chini kote ukawa Vuga. Mahali penye miti iliyojipanga pakawa Ngombezi, kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Neno moja likitamkwa, watu wanne waliokulia bonde la mto Pangani hugeuka kwa pamoja bila kufungua ramani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba Vuga iko juu na kwamba aliye juu humwona wa chini; mtu wa Korogwe huamka kila siku akiitazama milima ya Usambara, na jambo hilo analijua kabla hajajua kusoma.

Kazi ilianza tulipochanganyika na watu wa Handeni. Nao walikuwa na majina yao. Njia panda ileile waliiita Mkata, ambako barabara yao inaikuta ile kuu itokayo Chalinze, na kilima walikiita kwa jina la kilima cha kwao. Kati ya miji hii miwili kuna lami ya kilomita 65 tu, lakini mchezaji wa Handeni akisema "Mkata, wawili," mwenzake wa Korogwe alisimama kufikiri, na kusimama kufikiri kwenye Free Fire ni kufa. Ikabidi tukae na daftari. Nani aache jina lake? Ubishi ule ulikuwa mkali kuliko mechi yoyote niliyoiona. Mtu mmoja alitetea jina la jalala kana kwamba ni shamba la urithi. Mwishowe Segera ilibaki, kwa hoja kwamba watu wa miji yote miwili hupita Segera. Kilima kikabaki na jina la Handeni. Na sehemu kadhaa zikapewa majina mapya kabisa ambayo hayakuwa ya upande wowote. Tangu hapo mtu akikosekana kwenye skwadi ya Korogwe, wa Handeni anaingia na kucheza bila kupotea. Kwangu mimi jamii yetu ina umri wa daftari lile. Kabla yake tulikuwa timu mbili zinazofahamiana.

Na kuna jambo lililonifurahisha zaidi. Tulipoanza kupambana sisi kwa sisi, tukiwa tumekaa uwanja mmoja, wapinzani walizisikia taarifa zetu kwa masikio yao. Wengine wakajaribu kujificha ndani ya lugha za nyumbani, Korogwe Kishambaa, Handeni Kizigua. Haikusaidia hata kidogo. Kishambaa, Kibondei, Kizigua na Kinguu ni ndugu wa tumbo moja, na mwenye moja huambulia nyingine bila kufundishwa. Kizigua kimevuka mbali kuliko huko: wazao wa watu waliopelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19 walikitunza kando ya mto Juba kizazi baada ya kizazi, na baadhi yao walirudi kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, hapohapo Handeni, mwaka 2003, kisha wengi wakapata uraia. Lugha iliyoweza kwenda na kurudi hivyo na bado ikaeleweka, haiwezi kumficha mchezaji mbele ya jirani wa kilomita 65. Timu zikaachana na siri, zikaamua kushinda kwa kusema haraka zaidi.

Upande mgumu wa ufundi huu ni kunyamaza. Hatua za adui husikika kwenye hedifoni, nyasi na mbao kila kimoja na mlio wake, na anayeongea ovyo anawaziba wenzake masikio. Mchezaji aliyeangushwa bado anatambaa, na macho bado anayo. Kazi yake hapo ni kusema nani amempiga na kutoka wapi, mara moja, bila kulalamika. Wengi hulalamika. "Mbona hamkuja?" ni swali la haki, lakini mahali pake ni baada ya raundi. Halafu inakuja ile hali ambayo kila timu inaiogopa na kuipenda: amebaki mmoja, wapinzani wawili, na wenzake watatu waliokufa wanatazama kupitia kioo chake. Wanaona anachokiona, na kila mmoja anadhani anaona zaidi. "Dogo, nyuma, nyuma! Rusha ukuta! Hapana, ruka!" Dogo anasikia amri tatu, anatii nusu ya kila moja, anakufa. Timu iliyokomaa humwachia. Nimemwona kijana mwenye maneno mengi kuliko wote Manundu akiuma kola ya shati lake ili asiseme. Dogo wake alishinda raundi ile, na sifa zangu nilizigawa sawasawa kati yao.

Nahodha ndiye mwenye haki ya kuamuru. Wengine hutoa habari, yeye hutoa uamuzi: tunahama sasa, tunakaa, tunawaacha hawa wapigane kwanza. Hahitaji kuwa mpigaji bora, na mara nyingi si yeye. Anahitaji kusikia sauti tatu kwa pamoja huku yeye mwenyewe akikimbia, na kuchagua kabla eneo salama halijafunga. Uamuzi wake ukiwa wa kati tu lakini wote wanne wakaufuata, timu itafika mbali. Ukiwa mzuri sana na wakaufuata wawili, wamekwisha.

Wachezaji wa huku tuna mwalimu ambaye mchezaji wa Singapore hana, naye ni umbali. Ukigusa kitufe Handeni, amri yako huenda kwenye mnara, hushika waya hadi pwani, huingia kwenye mkongo wa baharini. SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo data ilipanda satelaiti na kushuka, na mchezo wa namna hii usingechezeka. Mwanga ndani ya uzi wa kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 5,000 kutoka hapa, kwenda na kurudi peke yake kunakula milisekunde 50, hujahesabu njia kupinda wala mnara uliosongamana saa mbili usiku, wakati mji mzima uko mtandaoni. Ndiyo maana pingi zetu, yaani muda wa kuchelewa huko, hupanda, na ndiyo maana unajificha nyuma ya ukuta na bado unakufa: kwa hesabu za seva, hukuwa umefika.

Watu huulalamikia umbali huo, nami hulalamika nao. Lakini umetufundisha namna yetu ya kusema. Unapomwona adui, pale unapomwona ameshaondoka. Mtoa taarifa mzuri wa huku hasemi "yuko Hale". Husema "anashuka Hale," na aliyekaa chini hulenga penye njia badala ya penye mtu. Sikufundishwa hilo na video yoyote ya mtandaoni. Nililisikia kwenye benchi, kwa kijana mwenye simu iliyopasuka kioo, ambaye taarifa zake zote zilikuwa za mwendo: anapanda, anarudi, anazunguka, anasubiri. Na benchi lenyewe lina faida nyingine. Sauti ya ndani ya mchezo nayo hupita mtandaoni, hula bando na huchelewa. Sauti ya mtu aliyekaa ubavuni mwako huvuka nusu mita ya hewa na kufika. Nimeona wanne wenye simu dhaifu, wamebanana mbao moja, wakiwashinda wanne wenye simu nzuri waliotawanyika nyumba nne. Sababu ilikuwa hiyo.

Wazee hawatufurahii, na si haki kuwacheka. Bonde hili liliijua bunduki ya kweli. Baada ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, kufa mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alitajirika kwa biashara na kupata bunduki nyingi, na vita vya kurithi ufalme vilivyofuata viliwapeleka watu wengi pwani wakiwa wamefungwa. Bibi anayemsikia mjukuu wake akisema kwa furaha "nimeua watatu" ana haki ya kuuliza anafurahia nini. Jibu langu kwake ni la kumwomba akae asikilize dakika kumi, asitazame kioo. Atasikia wajukuu wanne wakipeana habari za kweli, wakigawana dawa na risasi, mmoja akirudi kumwinua aliyeanguka ilhali angeweza kukimbia. Maneno ya kuua yapo, na siyapendi. Kwenye timu yetu tumezoea kusema "tayari" au "chini". Bibi akibaki na wasiwasi wake baada ya hapo, namheshimu, na simu ziwekwe chini mtihani ukikaribia. Kinachonisumbua mimi zaidi ni mikeka ya kamari inayokaa kwenye simu zilezile. Huko kijana hutoa pesa na hapati mwenzake wa kumwambia lolote.

Kuhusu namna timu inavyokua, mwalimu wangu ni wa zamani sana. Mbega, mwindaji wa nguruwe, alitoka Kilindi, ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Handeni, akavuka bonde na mbwa wake na wenzake, akapanda Usambara. Abdallah bin Hemedi aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi. Kila alipofika Mbega aliua nguruwe walioharibu mashamba, na nyama akaigawa. Watu nao wakampa vyakula vya shamba, na mwishowe watu wa Vuga wakamfanya mtawala. Wasimulizi husifu mkuki wake na uganga wake. Mimi kila nikiisoma hadithi ile naona mtu aliyejua kwamba kundi hukua pale nyama inapogawanywa.

Kwetu nyama ni nini? Ni bando kwa aliyeishiwa. Ni chaji, siku umeme umekatika na mmoja ana pawabenki. Zaidi ya vyote ni muda wa mchezaji mkali. Mchezaji wa daraja la juu akicheza na mgeni hushusha nafasi yake mwenyewe; raundi ambazo angepanda, anazitumia kumwambia mtu, polepole, "Usiseme huku. Niambie unaona nini." Kuna wakali wasiokubali, nao hupanda hadi juu, hupata jina, kisha huhama mji, na wakiondoka hakuna anayejua walichokijua. Na kuna wachache wanaokaa na wageni kila Jumamosi. Hao ndio ninaowaandikia insha hii. Majina yao hayatatajwa kwenye mashindano yoyote.

Utaratibu wa mashindano tuliuchukua kwenye bonanza za mpira: kiingilio kidogo, zawadi inayoonekana kwa macho, mtu mmoja wa daftari ambaye hachezi. Chumba maalumu cha mchezo hufunguliwa kwa kadi, na timu 12 hujaza watu 48. Alama tunazihesabu kama kwenye mashindano makubwa ya dunia: timu ya kwanza 12, ya pili 9, ya tatu 8, na kushuka hivyo, pamoja na alama moja kwa kila adui. Jedwali hilo lina hekima ndani yake. Timu inayowinda ovyo mwanzoni huweza kupata alama tano ikafa mapema. Timu inayoongea, ikakaa hai hadi mwisho, huipita bila kupiga sana. Unapoanza kuhesabu hivyo, kelele kwenye benchi hupungua zenyewe.

Matusi ni sumu, nayo tumeyaweka kwenye kanuni: anayetukana hukaa raundi inayofuata. Kanuni hiyo ndiyo iliyofungua mlango kwa wasichana, ambao walikuwa wakicheza siku zote, kimya, wakiwa wamezima kipaza sauti ili wasitambulike. Hebu fikiria hasara ya timu ambayo mmoja wa wanne wake hawezi kusema. Alipokiwasha kwa mara ya kwanza, msichana mmoja wa timu yetu alitoa taarifa fupi na safi kuliko za sisi sote, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa msikilizaji tu, na alijua ni maneno gani yalikuwa ya bure. Kenya wanaye Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 katika mchezo wa mapigano wa Tekken. Ule ni mchezo wa mmoja kwa mmoja. Natamani kumwona nahodha wa kike wa skwadi akitoka huku, na naamini atatoka.

Duniani Free Fire umefika mahali ambapo klabu za mpira zina timu zake. Ubingwa wa dunia wa Free Fire wa mwaka 2019, uliochezwa Rio de Janeiro, ulichukuliwa na Corinthians, klabu ya mpira ya São Paulo. Fainali za Singapore mwaka 2021, ambazo Phoenix Force ya Thailand ilishinda, zilitazamwa na zaidi ya watu milioni 5 kwa wakati mmoja. Mkoa wetu wa Tanga una Coastal Union, mabingwa wa ligi ya Tanzania mwaka 1988, klabu yenye mashabiki katika kila kijiji kati ya hapa na bahari. Jezi yake mgongoni mwa skwadi ya Handeni na Korogwe ingegharimu kidogo kuliko mchezaji mmoja wa akiba, na ingewapa wazazi jina wanalolijua. Nalisema hili kwa uzito, kama kuna kiongozi wa klabu anayesoma.

Lakini kisiwa si chetu, na hilo sharti lisemwe. Februari 2022 serikali ya India ilipiga marufuku Free Fire, na mamilioni ya wachezaji wakalala wana timu wakaamka hawana uwanja. Garena ikitaka huibadilisha Bermuda, hung'oa nyumba, huongeza mto, na majina yetu ya kona hubaki hewani. Imeshatokea zaidi ya mara moja. Kila inapotokea, mtu wa daftari huita kikao, ubishi huanza upya, na wageni walioingia juzi wana sauti sawa na wakongwe, maana mahali pale ni papya kwa wote. Ukija mchezo mwingine kabisa, nadhani tutahama na daftari, na atakayejua kusema ataanza na faida kule pia.

Kwa sasa tunaandaa mechi ya Handeni, na jambo moja halijaamuliwa. Wenyeji wanataka kila timu ikae chumba chake, ili taarifa zisisikiwe na wapinzani. Wanasema huo ndio utaratibu wa mashindano ya kweli. Korogwe wanataka wote uwanja mmoja. Mimi niko upande wa Korogwe, kwa sababu ya watoto wanaosimama nyuma ya mabenchi: mtoto aliyefungiwa nje ya chumba ataona matokeo tu, na aliyesimama nyuma ya benchi atasikia mchezo unavyochezwa. Wa Handeni wamejibu kwamba wako tayari kulegeza, mradi wao ndio wachague upande wa kukaa, na spika ya muziki iwekwe mbali.